Sarafu tatu chini ya mwezi usioonekana

Jumanne ya tarehe 17 Februari 2026, saa tisa alasiri kwa saa za Afrika Mashariki, mwezi ulipita kati ya dunia na jua. China ilikuwa imeamkia Mwaka wa Farasi siku hiyohiyo. Kule Antaktika jua lilipatwa kipete, kama lilivyopatwa mbele ya umati uliofunga safari hadi Rujewa, mkoani Mbeya, tarehe 1 Septemba 2016. Siku moja mbili baadaye mwezi ukaandama na Waislamu wakaingia Ramadhani. Pembeni ya makundi hayo mawili makubwa palikuwa na kundi la tatu, dogo lakini lenye sauti kubwa mitandaoni: watu wasiofuata kalenda ya China wala wasiofunga, waliousubiri mwezi mpya wakiwa na sarafu tatu, daftari na tafsiri ya Yijing, kitabu cha kale cha China cha kuagulia, ili waulize nguvu za mwezi huo zimewaletea nini. Mtindo huu umelelewa na wapenzi wa unajimu wa Ulaya na Marekani, na sasa unaingia kwenye simu za vijana wetu pamoja na mishumaa, mawe ya rangi na orodha za malengo ya mwezi.

Wanaoushabikia wanasema hii ni hekima ya China ya miaka 3,000. Wanaoubeza wanasema ni ramli ileile tunayoijua, imevishwa hariri tu. Naona wote wamekosea, na kosa lao ni moja: wanadhani kinachojadiliwa hapa ni mwezi. Katika ndoa hii ya sarafu na mwezi, mwezi ni mgeni aliyekuja juzi. Chenye thamani ni swali linaloulizwa kwa nidhamu na jibu linaloandikwa ili likaguliwe baadaye, na neno "nguvu" ndilo linaloiua thamani hiyo. Ushahidi wa hilo unatoka China yenyewe.

Tuanze na kitabu. Yijing, yaani Kitabu cha Mabadiliko, kina maumbo 64. Kila umbo lina mistari sita, na kila mstari ama ni mzima, ambao ni yang, ama umekatika katikati, ambao ni yin. Umbo hilo huitwa heksagramu. Kiini cha kitabu ni cha enzi ya Zhou, nasaba iliyoiangusha Shang mnamo mwaka 1046 kabla ya Kristo, na hekaya inasema Mfalme Wen aliyatafakari maumbo hayo akiwa kifungoni. Baadaye yakaongezwa maelezo yaitwayo Mabawa Kumi, ambayo kwa karne nyingi yalihesabiwa kuwa ya Confucius, na mwaka 136 kabla ya Kristo Mfalme Wu wa nasaba ya Han akakiweka kitabu hiki miongoni mwa vitabu rasmi vya dola. Anayetaka kuuliza hugawanya vijiti 50 kwa utaratibu mrefu (kimoja huwekwa kando, hutumika 49), au hukata njia kwa kurusha sarafu tatu mara sita, akijenga umbo kutoka chini kwenda juu. Baadhi ya mistari huhesabiwa kuwa imezeeka, nayo hugeuka kinyume chake na kuzaa umbo la pili. Kwa sarafu, mstari wowote una nafasi moja kati ya nne ya kuwa umezeeka. Kwa vijiti hesabu ni nyingine: yang iliyozeeka hutokea mara 3 katika 16, yin iliyozeeka mara 1 katika 16. Kwa maneno mengine, aliyeacha vijiti akashika sarafu amebadilisha hata tabia ya majibu anayopata. Hii ndiyo tofauti pekee inayopimika kati ya uulizaji mmoja na mwingine, na wanaonadi nguvu za mwezi hawaisemi. Mwezi uwe mpevu au uwe gizani, hesabu ya sarafu haitikisiki.

Je, Wachina wa kale waliuliza siku gani? Mwaka 1899 msomi Wang Yirong alitambua maandishi ya kale kwenye mifupa iliyokuwa ikiuzwa kama dawa, na baadaye ikajulikana kwamba mingi ilitoka Anyang, mkoani Henan, makao ya mwisho ya wafalme wa Shang. Waaguzi wa mfalme waliunguza mfupa wa bega la ng'ombe au gamba la tumbo la kobe hadi likapasuka, wakasoma nyufa, kisha wakachonga pembeni yake jambo walilouliza. Moja ya kauli zinazojirudia mno ni hii: katika siku kumi zijazo, hakutakuwa na maafa. Iliulizwa siku ya mwisho ya kila juma lao la siku kumi, tena na tena, miaka nenda miaka rudi, na mwezi ukiwa katika hali yoyote. Mara nyingi jambo moja liliwekwa kwa pande mbili, mvua itanyesha na mvua haitanyesha, kana kwamba muulizaji anajizuia asipendelee jibu lake mwenyewe.

Upo mfupa mmoja maarufu unaomhusu Bibi Hao, mke wa Mfalme Wu Ding, alipokuwa mjamzito. Mfalme alisoma nyufa akasema akijifungua siku ya aina fulani itakuwa heri, na ya aina nyingine itakuwa heri zaidi. Kisha mchongaji akaongeza matokeo: baada ya siku 31 alijifungua, haikuwa heri, alikuwa mtoto wa kike. Tuiache dharau hiyo kwa watoto wa kike, ni ya zama zake na haina wa kuitetea. Cha kushangaza ni kwamba mtumishi wa mfalme alithubutu kuchonga kwenye mfupa, kwa kumbukumbu ya kudumu, kwamba mambo hayakwenda kama bwana wake alivyotaraji. Mimi bado sijaona daftari la mwezi mpya lenye safu ya namna hiyo.

Siku ya mwezi mpya nayo ilikuwa na shughuli zake, ila za aina nyingine kabisa. Wachina huiita shuo, na ndiyo siku ya kwanza ya mwezi katika kalenda yao hata kama angani hakuna kinachoonekana. Enzi za Zhou mtawala alitakiwa kuutangaza mwezi mpya katika hekalu la wahenga, na kondoo akachinjwa. Ibada hiyo ilipolegea, mwanafunzi wa Confucius aitwaye Zigong alitaka angalau kondoo asiendelee kupotea bure, na mwalimu akamjibu: wewe unampenda kondoo, mimi naipenda ibada. Shuo pia ilikuwa siku ya wasiwasi, kwa kuwa jua haliwezi kupatwa ila siku hiyo. Kumbukumbu za jimbo la Lu, kati ya mwaka 722 na 481 kabla ya Kristo, zinataja kupatwa kwa jua zaidi ya mara 30, na mahali pengine zinasema ngoma zilipigwa na wanyama wakatolewa sadaka kwenye madhabahu ya ardhi. Hadi leo watu wa kawaida hufukiza ubani hekaluni tarehe 1 na 15 za mwezi wa kalenda yao. Kwa hiyo palikuwa na wajibu, hofu na ibada. Mtu kuketi peke yake na kuvuna nguvu za mwezi kwa ajili ya malengo yake ya kazi na mapenzi ni jambo ambalo watu wale wasingelitambua.

Tukirudi ndani ya Yijing kwenyewe, mambo yanazidi kuwa magumu kwa mashabiki. Katika maandishi ya msingi mwezi wa angani unatajwa mara tatu, kwenye maumbo ya 9, 54 na 61, na mara zote tatu kwa maneno yaleyale: mwezi unakaribia kujaa. Mwezi mpya haupo. Wengi huziba pengo hilo kwa umbo la 24, liitwalo Fu, Kurudi, lenye mstari mmoja mzima chini ya mitano iliyokatika. Linapendeza macho kweli: nuru kidogo inachomoza kutoka chini ya giza, nani asiukumbuke mwezi? Lakini soma maelezo ya kale yaliyoambatanishwa na umbo hilo. Yanasema wafalme wa zamani, siku jua linapogeuka katikati ya kipupwe, walifunga malango ya mipakani. Wafanyabiashara na wasafiri hawakutembea, na mtawala hakwenda kukagua majimbo. Yaani nuru inaporudi, jambo la kwanza ni kufunga duka. Nuru changa inalindwa, haitumwi kazi. Kuligeuza umbo hilo kuwa kipenga cha kuanzisha miradi ni kulisoma kichwa chini, na isitoshe linahusu mwendo wa jua.

Hata hivyo mashabiki wana hoja moja nzito, na haki ni kuipa uzito wake. Enzi ya Han wasomi walijenga mifumo mikubwa ya kuunganisha maumbo ya Yijing na mwendo wa mbingu. Jing Fang, aliyeishi karne ya kwanza kabla ya Kristo, anahusishwa na mpango wa kugawa mwaka kwa maumbo 60, kila moja likitawala siku sita na sehemu 7 kati ya 80 za siku. Wazo lao lilikuwa qi, pumzi inayopanda na kushuka katika misimu, na hapo neno "nguvu" linapata babu wa kweli. Tena yupo Wei Boyang, mtu wa karne ya pili, ambaye jina lake limefungamana na maandishi ya alkemia, ufundi wa kale wa kupika dawa za kurefusha maisha, yanayoutaja mwezi waziwazi. Humo maumbo madogo ya mistari mitatu yanafuatana na sura za mwezi: Zhen, mstari mzima mmoja chini, ni mwezi wa siku ya tatu, Dui, mistari mizima miwili, ni wa siku ya nane, Qian, yote mizima, ni wa siku ya 15, kisha nuru inapungua kupitia Xun na Gen hadi Kun, yote imekatika, giza la siku ya 30. Anayesema kwamba China haikuwahi kuyaoanisha maumbo haya na mwezi hajui asemalo.

Lakini tazama hoja hiyo inatufikisha wapi. Mpango wa Jing Fang ulifuata jua na misimu, na matumizi yake yalikuwa ya kisiasa: alisoma ishara za hewa na mbingu ili kumwonya mfalme juu ya vigogo waliomzunguka, na mwaka 37 kabla ya Kristo akauawa. Wei Boyang alikuwa anaeleza lini dawa ichochewe moto na lini upunguzwe, hakuwa anarusha sarafu kujua kama abadilishe kazi. Na kipande kinachonivutia kuliko vyote ni kwamba katika mpango wake siku ya giza ni Kun, utulivu mtupu, na nuru inaanza kuhesabiwa siku ya tatu, mwezi unapoonekana magharibi jua likizama. Mtu wa pwani yetu analielewa hilo bila mwalimu. Kiswahili hakisemi mwezi "umezaliwa" saa fulani gizani. Kinasema umeandama, umelifuata jua, na watu wameuona. Wanajimu wa simu wanaoandika "mwezi mpya saa tisa na dakika moja" wanatumia hesabu ya mkutano wa mwezi na jua, sahihi kabisa kisayansi, kisha wanaubebesha wakati huo hisia ambazo hata Wei Boyang aliziwekea siku mbili tatu mbele.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosambazwa zaidi: mwezi unavuta bahari, mwili wetu ni maji, basi mwezi unatuvuta na sisi. Mvuvi yeyote wa Bagamoyo au Lamu anaweza kuibomoa. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiwa gizani na mwezi ukiwa mpevu, na katikati yake ni maji mafu. Kama nguvu inayotugusa ni ileile inayovuta maji, basi mwezi mpya na mwezi mpevu vingetupa hali moja. Mashabiki wenyewe wanafundisha kinyume: mwezi mpya ni wa kuanza, mpevu ni wa kuachilia. Hawawezi kushika yote mawili. Zaidi ya hapo, maji hupanda na kupwa kwa sababu bahari ni pana mno, kiasi kwamba mvuto wa upande mmoja hutofautiana na wa upande mwingine. Ziwa Victoria, pamoja na ukubwa wake wote, halina kupwa na kujaa kwa maji kunakoonekana kwa macho. Mwili wa mtu ni mdogo kidogo kuliko Ziwa Victoria.

Hoja ya pili inayosikika sana ni ya kujirudia. Mtu anauliza kila mwezi mpya, na ndani ya mwaka umbo moja linamjia mara mbili, naye anaamini mwezi unasisitiza jambo. Hesabu inasema tofauti. Ukirusha mara 12 katika maumbo 64 yenye nafasi sawa, uwezekano wa angalau umbo moja kujirudia ni karibu theluthi mbili. Kwa hiyo miongoni mwa marafiki watatu wanaofanya hivi mwaka mzima, wawili watarudiwa na umbo, na kila mmoja atakuwa na kisa cha kusimulia. Asiyerudiwa hana kisa, naye hatasikika.

Kuna utetezi wa hali ya juu zaidi, wa Carl Jung, mwanasaikolojia wa Uswisi. Tafsiri ya Yijing kwa Kijerumani ya Richard Wilhelm ilipohamishiwa Kiingereza, Jung aliiandikia dibaji mwaka 1949 akidai kwamba kila wakati una sura yake, na kila kinachotokea wakati huo, hata sarafu kuanguka, kinashiriki sura hiyo bila mmoja kuwa sababu ya mwingine. Ni wazo zuri na lina harufu ya kweli ya fikra za Kichina. Shida yake ni kwamba halina namna ya kushindwa. Jibu likikufaa, wakati umesema. Lisipokufaa, hujaelewa bado. Na likichukuliwa kwa uzito, linauondoa mwezi mezani: kama kila wakati una sura yake, basi saa nne asubuhi ya Alhamisi kwenye foleni ya benki ni wakati mzuri wa kurusha sarafu sawa na mwezi mpya.

Sasa wabezaji. Wanasema ni bahati nasibu, na kwa hiyo ni upuuzi. Neno la kwanza ni kweli, la pili halifuati. Serikali ya China yenyewe kwa miongo mingi imeuita uaguzi ushirikina wa kikabaila, lakini vijana wake bado wanaukimbilia. Mwezi Juni 2023 ukosefu wa ajira kwa vijana wa mijini wenye miaka 16 hadi 24 ulifikia asilimia 21.3, na Agosti takwimu hizo zikasitishwa kutangazwa kwa muda. Mwaka huohuo foleni za vijana kwenye hekalu la Yonghe jijini Beijing zikawa habari. Ukimwambia kijana wa namna hiyo kwamba sarafu hazijui kesho yake, anajua tayari. Anachotafuta ni mahali pa kuliweka swali lake ambapo hapana mzazi, mwajiri wala afisa. Umbo lililotoka bila kuchaguliwa linamlazimisha kulitazama jambo kwa upande asioupenda, na hilo lina faida hata kama sarafu ni vipande vya chuma tu.

Mfano ninaoupenda ni wa Hong Kong. Kila siku ya pili ya mwaka mpya wa Kichina, mwezi ukiwa bado uzi, kiongozi huenda kwenye hekalu la Che Kung huko Sha Tin kuchota kijiti cha ubashiri, chenye namba na shairi lake, kwa niaba ya mji mzima. Mwaka 2003 Patrick Ho, aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani, alichota namba 83, kijiti kibaya, na wiki chache baadaye ukaja ugonjwa wa SARS ulioua watu 299. Wapenda miujiza huishia hapo. Mimi nautazama zaidi mwaka 2009, Lau Wong-fat alipochota namba 27, yenye shairi linalosema Mfalme wa Qin alijenga Ukuta Mkuu bure, maafa huja na kuondoka kwa kujitakia mwenyewe. Hakuna aliyehitaji kuamini mizimu ili kuelewa shairi hilo lilimlenga nani. Wakosoaji wa serikali walipata siku hiyo maneno ya kusema jambo ambalo tayari walilijua. Kijiti hakikutabiri kitu. Kilifungua mdomo.

Pingamizi la dini ni la kina kuliko la wabezaji, na sikusudii kulibishia. Mwislamu atasema elimu ya ghaibu ni ya Mungu peke yake na kwamba anayo istikhara. Mkristo atafungua Kumbukumbu la Torati sura ya 18. Msimamo huo unaeleweka na hauyumbi. Nitasema tu kwamba unaigonga lugha ya "nguvu za mwezi" kwa uzito kuliko unavyokigonga kitabu chenyewe, kwa sababu lugha hiyo ndiyo inayokipa kiumbe uwezo wa kuendesha maisha ya kiumbe mwingine. Anayeona vyote viwili ni haramu hana haja ya kunisubiri nimalizie.

Kwa nini basi nisumbuke na neno moja? Kwa sababu ishara ikishaitwa nguvu, huacha kuuliza na kuanza kuamuru, na amri ina watu inaowaumiza. Mwaka huu wa 2026 ni wa Farasi wa Moto, unaorudi kila baada ya miaka 60. Uliopita ulikuwa 1966. Nchini Japani, ambako kalenda hiyo ya Kichina iliota imani kwamba mwanamke aliyezaliwa mwaka huo humletea mumewe balaa, watoto waliozaliwa walishuka kutoka takriban milioni 1.82 mwaka 1965 hadi milioni 1.36, kisha wakapanda hadi milioni 1.94 mwaka 1967. Robo ya watoto wa nchi iliyokuwa tayari na treni za mwendo kasi haikuzaliwa kwa sababu ya jina la mwaka. Sisi nasi tunalo neno letu, ramli chonganishi, na tunajua lilikotufikisha: vikongwe kuuawa, watu wenye ualbino kuwindwa, hadi Januari 2015 serikali ya Tanzania ikatangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli. Ramli ile na Yijing zina umbile la kindugu, maana ramli ya mchanga nayo hujengwa kwa alama moja au mbili, safu nne, maumbo 16. Kinachotenganisha matumizi mabaya na ya kuvumilika ni kidole kinaelekea wapi. Ramli chonganishi inamwonyesha jirani. Nguvu za mwezi zinaonyesha angani. Vyote viwili vinamwacha muulizaji mwenyewe salama, hana la kujibu.

Biashara nayo inausukuma mkokoteni kuelekea hukohuko. Mwanzoni mwa 2025, programu ya akili mnemba ya DeepSeek ilipovuma, vijana wengi wa China waliitumia kusomewa bazi, ubashiri wa mwaka, mwezi, siku na saa ya kuzaliwa. Ukiiuliza programu ya namna hiyo juu ya mwezi mpya itakujibu vizuri, kwa upole, na ikiona hukuridhika itakujibu vingine. Umbo la 4 la Yijing, Meng, Ujinga wa Utotoni, lilishalizungumzia hilo: akiuliza mara ya kwanza namwambia, akiuliza mara ya pili na ya tatu ni utovu wa adabu, na mtovu wa adabu simwambii. Sarafu hazibembelezi. Zimeshaanguka, basi. Simu inayokuita kila mwezi mpya uje uulize tena, kwa malipo kidogo tu, inafanya biashara kwa kuivunja sheria ambayo kitabu kimeiandika karibu na mlango wake.

Anayetaka kuushika mwezi mpya kama miadi, na aushike. Miadi ni jambo jema na mwezi haugharimu kitu. Shang walitumia siku kumi, yeye atumie 29 au 30. Ila aandike swali kabla ya kurusha, kwa sentensi moja, aliweke kwa pande mbili kama walivyofanya wachongaji wa Anyang, arushe mara moja, na aandike anachodhani kitatokea kwa maneno yanayoweza kukosewa. "Mwezi huu nitasikia mabadiliko" haiwezi kukosewa. "Kabla ya mwisho wa mwezi nitakuwa nimemwambia kaka ukweli juu ya lile shamba" inaweza. Xunzi, mwanafalsafa wa China aliyeishi karne ya tatu kabla ya Kristo, anasomeka akisema kwamba anayeijua Yijing vyema hapigi ramli, na nadhani alikuwa anazungumzia mtu aliyefanya zoezi hilo kwa miaka mingi hadi sarafu zikabaki mfukoni.

Tarehe 12 Agosti 2026 mwezi mpya utalifunika jua lote kwa dakika mbili hivi juu ya Greenland, Iceland na Hispania. Hakuna atakayepiga ngoma wala kuchinja kondoo, lakini video zitakuwa nyingi, na neno "nguvu" litakuwa ndani ya kila moja. Nitazipitia nikitafuta mtu mmoja tu aliyelifungua daftari lake la Februari, akausoma mstari alioandika, na kuongeza chini yake: baada ya siku kadhaa, haikuwa hivyo.